Ganda Jembamba au Ganda Nene: Elementi Ipi ya Kuchambulia Tangi?

Maji ya Mwanza huvutwa ziwani na kusukumwa hadi kwenye matangi yaliyojengwa vilimani. Tangi liwe la chuma au la zege, kwa mhandisi ni ganda, yaani muundo wa uso uliopinda unaobeba mzigo kwa umbo lake zaidi kuliko kwa unene wake. Anayelichambua kwa mbinu ya elementi, ambayo hugawa muundo katika vipande vidogo vinavyohesabiwa kwa pamoja, hulazimika kuchagua mapema kati ya elementi ya ganda jembamba na ile ya ganda nene.

Ya kwanza hufuata dhana ya Kirchhoff, ambayo Love aliipanua mwaka 1888 ikafaa maganda: mstari uliosimama wima juu ya uso wa kati, ule unaopita katikati ya unene, hubaki wima kwa uso huo hata ganda linapopinda, hivyo mkato unaopita katika unene, yaani kuteleza kwa tabaka moja juu ya jingine, hupuuzwa. Ya pili, iliyotokana na kazi za Reissner (1945) na Mindlin (1951), huuruhusu mstari huo uiname, na mkato ukahesabiwa.

Mazoea huweka mpaka pale unene unapokuwa sehemu moja ya 20 ya nusukipenyo. Tangi la chuma la nusukipenyo cha mita 6 na bati la milimita 8 lina uwiano wa 1 kwa 750, na hapo hakuna wa kubisha. Tangi la zege la nusukipenyo cha mita 5 lenye ukuta wa milimita 500 lina 1 kwa 10. Hata hivyo kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu pale ukuta unapokutana na sakafu, kupinda hujikusanya katika kimo kinacholingana na kipeuo cha pili cha nusukipenyo mara unene. Kwa zege kimo hicho ni kama mita 1.6, na unene wa ukuta ni karibu theluthi yake, kwa hiyo mkato haupuuziki. Kwa chuma ni sentimita 22 tu. Aliyepanga elementi za nusu mita hapo chini hatauona mkazo huo, hata angechagua elementi bora kuliko zote.

Je, si afadhali kutumia ya ganda nene kila mahali? Hapo ndipo penye mtego. Ukinzani wa kupinda hupungua kwa mchemraba wa unene, ilhali ule wa mkato hupungua kwa unene wenyewe. Elementi sahili ya milimita 500 juu ya bati la milimita 8 hubeba mkato wa uongo unaokuzwa kwa kiwango cha mraba wa uwiano wa vipimo hivyo viwili, yaani karibu mara 3,900. Elementi hufungika, tangi huonekana gumu, usogeo hutoka mdogo, na mhandisi hufurahi bila sababu.

Mwaka 1971 Zienkiewicz na wenzake walipendekeza kupunguza nukta za kuhesabia ukinzani ndani ya elementi, na kufungika kukalegea, ila kwa baadhi ya elementi hujitokeza miondoko isiyo na ukinzani wowote. Napendelea njia ya Dvorkin na Bathe ya mwaka 1984, inayochukua mkato kwenye katikati ya kingo na kuusambaza ndani ya elementi: inafaa kwa zege na kwa chuma pia. Lakini pembetatu ya Batoz, Bathe na Ho (1980), inayotimiza dhana ya Kirchhoff katika nukta chache tu, haijachakaa. Kwa bati jembamba haina mkato wa kufungika nao, na ni mpinzani mzuri wa kulinganisha naye majibu.

Wauzaji wa programu hupenda kutuonyesha paa la Scordelis na Lo, jaribio maarufu ambalo usogeo wake unajulikana kuwa 0.3024. Nusukipenyo chake ni 25 na unene ni 0.25, yaani uwiano wa 1 kwa 100. Tangi letu la chuma limekonda mara saba na nusu zaidi, kwa hiyo kufaulu hapo hakuthibitishi lolote kulihusu. Jaribio lirudiwe unene ukipunguzwa hadi 0.033, kwa wavu uleule wa elementi, kisha matokeo yalinganishwe na yale ya wavu mwembamba zaidi.