Jibu la siku 1 au la siku 15?

Mlezi anatoka Seme, Kaunti ya Kisumu, na mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi, analipa boda hadi kliniki. Mtoto anatolewa damu ya kupima kiwango cha virusi hivyo, kisha wanaambiwa warudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa sampuli inapelekwa maabara kuu. Ndiyo maana wengi wanadai mashine ndogo ya GeneXpert iwekwe kila kliniki, majibu yatoke siku hiyo hiyo. Hata mimi nilidai hivyo.

Kisha yakaja matokeo ya Opt4Kids, utafiti uliofanyika papa hapa Kisumu na kuchapishwa 2022. Watoto 704 wa umri wa mwaka 1 hadi 14, wote wakiwa kwenye dawa za virusi vya Ukimwi, waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilipimiwa kliniki, na virusi vilipoonekana vingi, ikapimwa pia kama vimekuwa sugu kwa dawa. La pili likafuata utaratibu wa kawaida. Majibu yalichukua siku 1 kwa kundi la kwanza, siku 15 kwa la pili. Lakini mwaka ulipokwisha, waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 90.4 kwenye kipimo cha haraka na 91.7 kwenye kile cha kawaida. Hakuna tofauti ya maana.

Iliniuma, ila inaeleweka. Mtoto huacha dawa kwa sababu nyanya anayemlea amechoka, au bweni halina pa kuficha kopo, au hakuna aliyewahi kumweleza anameza nini. Mashine haigusi hayo. Tena mara nyingi ni hiyo hiyo inayosubiriwa na wagonjwa wa kifua kikuu, na yenye nafasi nne hupima sampuli nne tu kwa mkupuo, kama saa moja na nusu kila mkupuo.

Hata hivyo sikubali zirudishwe stoo. Kichanga ni habari nyingine kabisa. Kati ya watoto wanaoambukizwa na mama wasitibiwe, takriban nusu hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6. Wiki mbili za kungoja ni robo ya umri atakaokuwa nao jibu likifika, na dawa za matibabu bado hajaanzishiwa. Huko Afrika Kusini, utafiti wa CHER ulionyesha mwaka 2008 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza vifo vya vichanga kwa asilimia 76. Mama mjamzito au anayenyonyesha vilevile: virusi vikimpanda leo, mtoto yuko hatarini leo.

Hao ndio wangepewa mashine ya kliniki kwanza. Sampuli nyingine ziendelee kwenda maabara kuu. Na kwa kuwa fedha zimebana tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, zilizobaki zimlipe kwanza yule mshauri anayepiga simu saa mbili usiku kumuuliza nyanya kama mtoto amemeza dawa.