Maombezi ya Bidii: Sauti, Saa na Mara Saba

Wanaotetea maombezi mazito, yale ya mikesha, kufunga na kuugua kwa uchungu wa moyo, hawakuyatunga wao. Abrahamu aliibembelezea Sodoma hadi idadi ikashuka kutoka wenye haki 50 hadi 10. Epafra, mtumishi mwenzake Paulo, katika Wakolosai 4:12, alifanya bidii katika maombi, na kitenzi cha Kiyunani kilichotumika pale ni kile cha mwanamichezo anayeshindana uwanjani. Mwaka 1727 Wamoravian, kundi la Wakristo wa Herrnhut, Ujerumani, walipangiana zamu za kuomba za saa moja moja, wanaume 24 na wanawake 24, na zamu hizo zikapokezanwa kwa takribani miaka 100.

Wanaotilia shaka nao wana andiko lao, Mathayo 6:7: msipayuke-payuke. Ikiwa Baba anajua haja kabla hajaombwa, makelele ya usiku kucha ni ya nini? Swali ni la haki, hasa pale mkesha unapopimwa kwa nani amekaukiwa sauti.

Sura moja, 1 Wafalme 18, inazibana pande zote mbili. Manabii 450 wa mungu Baali wanaita tangu asubuhi, wanarukaruka, wanajikatakata, hakuna jibu. Eliya, nabii wa Bwana, anaomba maneno ya mistari miwili tu, moto unashuka. Lakini siku hiyohiyo anapanda Karmeli, anaweka uso kati ya magoti, na kumtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari mara saba ndipo kionekane kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Na mvua ile Mungu alikwisha kuiahidi mwanzoni mwa sura. Kwa hiyo ahadi haikumwondolea Eliya kazi ya kuomba, wala kelele hazikuwasaidia wale wengine. Kwa maoni yangu bidii iko hapo: katika kurudi kwenye ombi lilelile, si katika kupandisha sauti.

Kurudi kunahitaji utaratibu. Majina 3 hadi 5 yanatosha kwa mwombaji mmoja. Ukifika 40 unasoma orodha, huombei. Andika kila ombi pamoja na tarehe, na uliandike kwa namna ambayo jibu litatambulika. "Ambariki" huwezi kujua limejibiwa lini. "Apatane na kaka yake" utajua. Katika nusu saa, dakika 5 ni za andiko moja linalohusu jambo hilo, 15 za ombi lenyewe, zinazobaki kunyamaza. Kimya hicho ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachorekebisha ombi lililokosewa. Kuugua kukija, kuje. Warumi 8:26 inakutambua. Kukiigizwa kwa sababu jirani anaugua, kumekuwa desturi tu.

Penye hatari kubwa ni kwenye kundi. Haja inatajwa kwa kina mno, na kabla ya "amina" siri ya ndoa ya mtu imeshasambaa. Jina na ombi vinatosha, Mungu hahitaji kuhadithiwa. Kosa la pili ni kufunga kavu: mjamzito, mwenye kisukari au anayetumia dawa asijaribu kukaa bila maji, na chakula nacho asikiache bila kumwuliza daktari. La tatu ni baya kuliko yote: jibu lisipokuja, mgonjwa anaambiwa imani yake ni ndogo. Hapo mwombezi amegeuka mshtaki.

Kisha kuna swali ambalo waombaji wa bidii hawapendi kuulizwa: unaacha lini? Paulo aliomba mara tatu mwiba, yaani teso la mwilini mwake, uondolewe, akapewa jibu lisilo lile aliloomba, akaacha. Daudi alifunga na kulala chini siku saba akimwombea mtoto wake mgonjwa. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana kusujudu, kisha akaomba chakula.