Kuinama au Kuketi Wima: Nguvu ya Baiskeli Iko Wapi?

Hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndipo abiria walipoanza kubebwa kwa baiskeli miaka ya 1960, kutoka boda hadi boda, na ile baiskeli nyeusi ya chuma ingali inapakia matoke na madumu ya maji. Vijana wa mbio huidharau. Wanasema anayeketi wima hivyo hawezi kupata nguvu.

Wana hoja. Mwendo ukiongezeka maradufu, upepo hudai nguvu mara nane, na kifua kilichosimama wima ndicho kinachoupokea. Mfaransa Francis Faure alilionyesha hilo mwaka 1933: kwa baiskeli ya kulalia chali alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi iliyodumu tangu 1914. Kilichobadilika ni mkao. Mwaka uliofuata baiskeli hizo zikapigwa marufuku mashindanoni.

Lakini mwenye mikungu mitatu ya matoke kwenye keria haendi hivyo. Anakwenda kilomita 10 au 12 kwa saa, na hapo upepo haumsumbui sana. Kinachomla nguvu ni uzito, kilima na changarawe. Akiinama sana atachosha shingo na viganja bure, tena anahitaji kichwa kiwe juu aone lori linalokuja.

Hata hivyo, kuketi wima si raha tupu. Uzito karibu wote unashukia makalioni, na kila shimo hupanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Ndiyo maana siti hizo huwekewa springi. Anayeinama kidogo huugawa uzito kati ya mikono, miguu na makalio. Na kwenye milima ya Kabale, mwenye mzigo nyuma asipoegemea mbele, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haumtii.

Kwa maoni yangu tunabishana juu ya mgongo huku nguvu ikipotelea gotini. Wengi hushusha siti ili wakisimama nyayo zote zifike chini, na kwa mwenye abiria hiyo ni busara. Ila goti likibaki limekunjwa mno, paja halisukumi hadi mwisho, na maumivu hukaa mbele ya goti. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Usiponyooka, pandisha siti; kazi hiyo ni ya spana moja tu. Anayebeba abiria aipandishe nusu tu ya kimo kinachohitajika, vidole vya mguu mmoja viendelee kugusa ardhi anaposimama.