Utafiti Ulioondoka Barazani

Baraza letu hapa Wete lina redio moja, na kila jioni taarifa ya habari inapomalizika ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa skuli, huirudia habari kwa maneno yake, akaeleza ipi ina uzito na ipi ni ya kupita, na wengi wetu hurudi majumbani na maelezo yake kuliko ya mtangazaji. Miaka michache nyuma alikuja mtafiti wa mawasiliano, akakaa nasi siku kadhaa, akiuliza na kurikodi. Makala yake ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la ng'ambo ambalo hulisomi mpaka ulilipie, na nimeona kwamba imenukuliwa mara nyingi. Hapa barazani haijafika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba taaluma yenyewe inalijua jambo hili. Mwaka 1955 Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa wanawake wapatao 800 wa mji wa Decatur, Marekani, wakaonesha kuwa habari nyingi hupitia kwanza kwa watu wachache wanaozifuatilia kwa karibu, ndipo zikawafikia wengine. Nadharia hiyo ingali inafundishwa katika vyuo vya habari. Basi wanazuoni wanaojua kwa ushahidi namna ushawishi unavyopita mdomo kwa mdomo wamekubali wao wenyewe wapimwe kwa kipimo kisichouona ushawishi wa aina hiyo hata kidogo.

Kipimo ninachokikusudia ni fahirisi ya h, inayompa mwanazuoni alama kwa idadi ya kazi zake na mara zilizonukuliwa na wenzake, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10 hupata alama 10. Aliyeandika kitabu kimoja kilichonukuliwa mara 500, na kazi zake nyingine zisinukuliwe na mtu, hupata 1. Hirsch alikuwa akiwafikiria wanafizikia wenzake, ambao kazi zao hutoka zaidi majaridani. Fani ya habari, ambayo kazi zake nzito mara nyingi ni vitabu, imeivaa fahirisi hiyo kama nguo ya kuazima. Tena hifadhidata kubwa zinazohesabu manukuu, Scopus ikiwa mojawapo, zimejaa majarida ya Kiingereza, na ya Kiswahili ni nadra kuyakuta humo. Kwa hiyo mhadhiri wa Unguja anayeandika kwa lugha ya wasikilizaji anaowachunguza huhesabiwa kana kwamba hakuandika.

Sisemi hesabu ziachwe. Makala iliyopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa humkinga msomaji na mengi, na mwanazuoni asiyechapisha hatupi cha kumjadili. Lakini Tamko la San Francisco la mwaka 2012, linalohusu namna ya kuutathmini utafiti, tayari linavitaka vyuo viutazame utafiti wenyewe badala ya hadhi ya jarida, nami ningependa kamati zetu za kupandisha vyeo zende mbele zaidi. Ziulize wanafunzi wa mhadhiri huyu wanafanya kazi gani, na kama watangazaji wa redio za jamii za Micheweni na Mkoani wamebadilisha lolote katika vipindi vyao kwa sababu yake. Zaidi ya yote, zidai muhtasari wa Kiswahili uliorejeshwa kwa waliohojiwa, kwani wao ndio waliotoa wakati wao na maneno yao bila ya malipo.

Nilipoipata makala ile kwa msaada wa rafiki, nilimfasiria yule mzee sehemu inayomhusu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapo kakosea." Mtafiti alikuwa ameandika kuwa watu humwamini mzee kwa sababu anafuatilia habari kuliko wenzake. Yeye akanieleza kuwa wapo barazani vijana wanaosikiliza idhaa nyingi kuliko yeye, ila yeye ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba ya mikarafuu mtaani kwa miaka mingi, na tangu hapo watu wakazoea kumuuliza kila kitu, pamoja na habari za redioni.