Kanzu Nyeupe katika Nchi ya Kranberi

Yeyote anayedhani kwamba mashetani ni wa Pemba peke yake, namshauri alale usiku mmoja wa Oktoba kusini mwa jimbo la New Jersey, Marekani, katika msitu uitwao Pine Barrens. Ni msitu wa misonobari unaoenea zaidi ya kilomita za mraba 4,000, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1978, nao umesimama juu ya mchanga ambao wakulima wa mahindi na ngano waliukimbia zamani. Maji ya mito yake ni ya kahawia iliyokolea, kwa sababu ya majani na magome yanayolowa humo pamoja na chuma kilichomo ardhini. Kinachostawi huko ni kranberi, tunda dogo jekundu la ukubwa wa kunazi, lenye uchachu wa kumfumbisha mtu jicho moja, na sambamba nalo hustawi hadithi za mizuka, ambazo hazihitaji mbolea yoyote.

Nilifika huko kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni dereva wa lori na kila msimu wa mavuno hubeba kranberi kutoka mashambani hadi kwenye kituo cha kuzipokelea. Dada alinisihi niandamane naye ili asije akasinzia njiani, ingawa nina hakika alitaka pia jiko lake lipumzike. Kumbe shemeji hana habari ya kusinzia. Ni mtu wa Wete kama mimi, huanza kusimulia kabla hajafunga mkanda, na siku ile alikuwa na mada moja tu, nayo ni Shetani wa Jersey.

Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1735 mwanamke aliyeitwa Mama Leeds, mwenye watoto 12, alishika mimba ya 13, akachoka na maisha, akatamka kwamba huyo ajaye na awe shetani. Mtoto alizaliwa usiku wa tufani, na papo hapo akaota kichwa cha farasi, mabawa ya popo, kwato na mkia wenye ncha mbili, kisha akapaa kupitia dohani na kutokomea msituni, ambako inaaminika yuko mpaka leo.

“Na hiyo familia ilikuwapo kweli, shemeji,” alisema, huku akiachia usukani kwa mkono mmoja ili auinue ule mwingine kwa msisitizo.

Ilikuwapo. Daniel Leeds alianza kuchapisha almanaki, yaani kitabu cha kalenda cha kila mwaka, mwaka 1687, akakosana na Wakweka wenzake, watu wa dhehebu lake la Kikristo, kwa ajili ya habari zake za nyota, nao wakafikia kumwita mjumbe wa Shetani. Mwanawe, Titan, aliirithi kazi hiyo, na hapo akapata mshindani wa kibiashara ambaye simtakii adui yangu: Benjamin Franklin. Franklin alitangaza katika almanaki yake kwamba Titan Leeds angefariki tarehe 17 Oktoba 1733. Siku ikafika, ikapita, na Titan akaandika kwa hasira kwamba yu hai wa afya. Franklin alishikilia kwamba Titan amekwisha kufa, kwa kuwa muungwana yule asingeweza kuandika maneno machafu namna ile, na kwamba huyo anayelalamika ni mwingine kabisa. Maskini aliishi kama maiti anayebisha hadi alipokufa kweli mwaka 1738. Hadithi hii niliipenda kuliko zote, wala sikujua kwamba kabla ya mapambazuko nami ningeingizwa katika chama chake.

Shemeji hakunipa nafasi ya kupumua. Alinieleza juu ya juma moja la Januari 1909, ambapo mamia ya watu wa New Jersey na majirani zao walidai kumwona yule kiumbe, nyayo za kwato zikaonekana kwenye theluji hata juu ya mapaa, na baadhi ya shule zikafungwa. Wajanja wawili wa Philadelphia hawakuiacha bahati hiyo iwapite: walimtafuta kangaruu, wakampaka mistari ya kijani, wakambandika mabawa, wakamweka ukumbini na kuwatoza watu kiingilio wamtazame Shetani wa Jersey aliyekamatwa. Hapo shemeji alicheka hadi lori likayumba.

Mimi nilicheka nusu. Mwaka 1995 nilikuwa mtoto, nami ni miongoni mwa wale waliolala nje ya nyumba, wakubwa kwa wadogo, tumezunguka moto kwa sababu ya Popobawa, ambaye naye ana mabawa, naye huchagua nyumba, na mambo afanyayo hayaandikiki mbele ya watu wenye heshima. Mtu aliyelelewa hivyo hamdharau kiumbe yeyote mwenye mabawa ya popo, awe wa Pemba au wa ng'ambo. Basi nikamwuliza shemeji kama katika msitu mzima hapakuwa na mzuka hata mmoja mwenye tabia njema.

“Yupo Daktari Still,” akajibu.

James Still, aliyezaliwa mwaka 1812 na kufariki mwaka 1882, alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliopata kuwa watumwa. Hakuwa na shule ya kutajika, lakini alijifunza dawa za mitishamba kwa bidii yake mwenyewe, akatibu weusi na weupe hadi akawa miongoni mwa matajiri wa sehemu zile. Husimuliwa kwamba hadi leo roho yake huwatokea wasafiri waliokwama na wagonjwa waliopotea njia, ikawasaidia. Niliamua palepale kwamba nikiwa wa kukutana na mzuka, basi ni huyo, na wengine wote wanisamehe.

Tulifika shambani usiku, si mbali na kijiji cha Chatsworth, tukaegesha lori juu ya tuta pana kati ya majaruba mawili ili tupakie kukipambazuka. Aliyelima mpunga atayaelewa mandhari yale bila shida. Kranberi hutambaa chini katika majaruba yaliyozungushiwa matuta na mifereji, na wakati wa mavuno jaruba hujazwa maji hadi magotini, mashine zikapita kuyapukutisha matunda, nayo yakaelea, kwa kuwa kila tunda lina vyumba vinne vya hewa ndani yake. Kisha hukusanywa pembeni kwa ukanda unaoelea na kuvutwa kupelekwa lorini. Jaruba la kulia kwetu lilikwisha kupukutishwa na matunda yake yalisukumwa pembeni, zulia jekundu lililotulia juu ya maji meusi. Lile la kushoto lilikuwa bado kavu, likingoja zamu yake.

Baridi ya usiku ule ilinifundisha adabu. Tulilala katika vitanda viwili vya kichwa cha lori, shemeji akikoroma chini na mimi nikisikiliza juu. Bundi mmoja alikuwa akiuliza swali lilelile mara kwa mara bila kupewa jibu, na mbweha akapiga ukelele ambao, kama ningeusikia Wete, ningemwamsha sheha. Karibu na alfajiri niliteremka kwa ajili ya sala. Nilivaa kanzu yangu nyeupe juu ya sweta mbili, nikachomeka miguu katika buti za mpira za shemeji, ambazo zingenitosha mimi na rafiki mmoja, nikaning'iniza simu shingoni ikiwa imewashwa taa, kwa kuwa mikono yote miwili niliihitaji. Chupa za maji zilizokuwa nje ya lori zilikuwa zimeganda. Kwa hiyo nikachutama ukingoni mwa jaruba la kulia, ukungu umenifunika mpaka kifuani, nikaanza kutia udhu kwa maji ya kahawia yenye baridi ya kukata.

Nilikuwa nimefika kwenye uso pale kitu kilipounguruma nyuma yangu. Hakikuanza kidogokidogo, kilizaliwa kikiwa kikubwa, kama alivyozaliwa yule mtoto wa Leeds. Mara jaruba zima la kushoto likaanza kupiga miluzi na kutema mate, safu kwa safu, kila mahali gizani, cha-cha-cha-cha, na jambo la baridi likanichapa mgongoni kwa nguvu ya kofi la mzazi.

Baadaye nilielezwa kwa utulivu kwamba zile zilikuwa pampu za kuzuia jalidi. Joto linaposhuka mno, kipimo huiwasha injini yenyewe bila mkono wa mtu, na vinyunyizio huyamwagia maji matunda ambayo bado hayajavunwa; maji yale yanapoganda hutoa joto, na joto hilo huliokoa tunda. Yaani watu wale huyatia matunda yao joto kwa kuyagandisha barafu. Ni elimu ya kweli na inafanya kazi, lakini hakuna aliyenipa somo hilo kabla ya sala ya alfajiri, na binadamu mwenye akili timamu aliyepigwa kofi na giza hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kwenda mbele.

Mbele kulikuwa na jaruba la kulia. Kina chake ni cha magotini katikati, ila ukingoni huzungukwa na mfereji, na mfereji huo ulinipokea hadi kwapani. Zulia lile jekundu lilifunguka, likanimeza, likajifunga tena. Nilipoibuka, kranberi zilikuwa zimejaa kolani, mikononi mwa kanzu na ndani ya masikio, na buti ya kushoto ilikuwa imekamatwa na tope kwa nguvu ambayo wakati ule sikuiona kuwa ya tope. Nilisoma Ayatul Kursi kwa kasi ambayo mwalimu wangu wa chuoni asingeikubali, kisha nikapaza sauti: “Shemeji! Nakufa, shemeji! Njoo na taa!”

Taa ilikuja, lakini si ya shemeji. Pikapu ilikuwa ikitambaa juu ya tuta polepole, ikiendeshwa na mfanyakazi wa shamba ambaye kazi yake katika usiku wa jalidi ni kukagua vinyunyizio na kuzibua vilivyoziba. Kwa furaha ya mtu aliyeokolewa nilijivuta nikapanda ukingoni, nikasimama katika mwanga wa taa zake, nikainua mikono yote miwili ili anione vizuri. Mikono ya kanzu, iliyolowa na kuanza kukakamaa kwa barafu, ilifunguka upande huu na huu. Simu ilikuwa bado inawaka chini ya kitambaa kifuani, na sifa nawapa walioitengeneza. Niliipiga hatua moja ya kumwendea, buti la kulia likitoa kishindo na mguu wa kushoto ukiwa mtupu.

Sijapata kuona gari likirudi nyuma kwa mwendo ule. Lilirudi pasipo kugeuka, juu ya tuta lisilozidi upana wake kwa mengi, mpaka taa zake zikapotelea katika misonobari, na mlio wa injini ukaendelea kusikika muda mrefu baada ya hapo.

Shemeji aliteremka akiwa na chupa ya chai na taa, akanitazama kuanzia juu hadi chini. “Sasa, shemeji,” akasema kwa upole, “hizi umezivuna kwa ruhusa ya nani?” Alinivua kanzu, ambayo ilisimama yenyewe kwa muda kabla ya kuanguka, akanifunika mablanketi yake yote, akanipa maji ya moto nikamalizia udhu.

Upakiaji ulichelewa, kwa kuwa mtu mwenye ufunguo wa mashine hakuonekana mpaka jua lilipopanda vya kutosha. Tulipofika kituoni kulikuwa na foleni ya malori, na madereva walikuwa wamekusanyika kumsikiliza mmoja wao. Hakuwapo kwenye tukio, na hilo lilimpa uhuru mkubwa. Kiumbe hicho, alisema, kilitoka chini ya maji, cheupe, kikitiririka damu, kina mabawa mawili, na moyo wake ulionekana ukiwaka ndani ya kifua. Kilikuwa na kwato moja. Kilikuwa kikilia kwa lugha ya kale ya Walenape, wenyeji wa asili wa nchi ile.

“Kirefu kiasi gani?” shemeji akauliza, uso mkavu kabisa.

Msimulizi alitafuta kipimo, macho yake yakaniangukia mimi niliyejikunyata katika mablanketi. “Mara mbili ya huyu,” akasema. Kisha akashusha sauti na kuongeza kwamba jambo lenyewe si la mzaha, kwa kuwa wavunaji walipoingia katika jaruba lile asubuhi walikuta buti moja la mpira limezama topeni, la mguu wa kushoto, kubwa, na hakuna mfanyakazi aliyepungua shambani, kwa hiyo aliyeliwa lazima alikuwa mgeni. Buti lilikuwa limewekwa juu ya kigingi, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuligusa.

Shemeji alivua kofia yake, akaomba sote tumkumbuke marehemu kwa dakika moja, na madereva wote wakainamisha vichwa. Tulipopanda lorini alinidai bei ya jozi mpya.