Usasa wa Marekani: Nani Aliyeupoteza Msomaji?

Harriet Monroe alipoanzisha jarida la Poetry mjini Chicago mwaka 1912, ushairi wa Marekani ulikuwa umechoka. Vina vilikuwepo na mizani ilitimia, lakini maneno mengi yalikuwa ya kujazia mstari. Mwaka uliofuata Ezra Pound, mwakilishi wa jarida hilo ng'ambo, akatoa masharti makali: neno lisilo na kazi litupwe. Shairi lake kuhusu kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Paris lina mistari miwili tu.

Hapo sina ugomvi na wanausasa, yaani waandishi kama Pound walioachana na mitindo ya zamani mwanzoni mwa karne ya 20. Ugomvi unaanzia 1922, mshairi T. S. Eliot alipotoa shairi refu, The Waste Land. Mistari zaidi ya 400 inaruka kutoka baa ya London hadi kwa Dante, mshairi wa Italia wa zama za kati, na Upanishadi, maandiko matakatifu ya Wahindu, kwa lugha kadhaa, na toleo la kitabu likaambatana na maelezo ya mshairi mwenyewe. Watetezi wake wana hoja nzito: Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeua mamilioni, na dunia iliyovunjika haisimuliki kwa beti zilizonyooka. Tena pale baa, mwanamke anaposimulia ya shoga yake huku wateja wakihimizwa waondoke, unausikia mji wenyewe ukisema.

William Carlos Williams, mshairi na daktari wa Rutherford, New Jersey, aliumia. Baadaye aliandika kwamba shairi lile liliangamiza ulimwengu wao kama bomu la atomu na kuurudisha ushairi mikononi mwa wasomi, wakati yeye na wenzake walikuwa wanakaribia kupata ushairi unaotokana na mahali pao. Mwaka 1923 akachapisha shairi la toroli jekundu, maneno 16, yote ya kawaida. Namuunga mkono, ila si kikamilifu: mengi yanalitegemea toroli hilo, anasema, lakini ni mengi gani? Msomaji anaachwa nje hapa pia, safari hii kwa maneno mepesi.

Mabishano ya wawili hawa huwasahaulisha watu washairi weusi wa Harlem, mtaa wa New York. Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, aliandika "If We Must Die" mwaka 1919, magenge ya wazungu yalipokuwa yakiwaua watu weusi mijini. Ni soneti kamili, mistari 14 yenye vina, na hasira yake haikupungua hata chembe kwa kufuata kanuni. Hoja ya kwamba dunia iliyovunjika inadai umbo lililovunjika inapata taabu hapo. Naye Langston Hughes, katika The Weary Blues ya 1926, alichukua mapigo ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, akaandika jambo jipya kabisa ambalo halikuhitaji maelezo.

Anayetaka kuuingia usasa wa Marekani leo ningemshauri aanze na Hughes. Eliot amfikie baadaye, amsome kwa sauti, na yale maelezo ayaache yamefungwa.