Adui aliyeijua mieleka

Ndugu mwandishi, kuandika kwamba The Iron Sheik, yule mwanamieleka wa maonyesho ya kupangwa, alikuwa kelele tupu si haki. Kabla ya kuwa adui wa ulingoni, yule wa kuzomewa, Khosrow Vaziri, kwa jina lake halisi, alitwaa dhahabu ya AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, mwaka 1971, mieleka halisi ya ridhaa, isiyopangwa.

Tarehe 26 Desemba 1983, Madison Square Garden, alimvua bingwa Bob Backlund mkanda wa ubingwa kwa kabali ya ngamia. Backlund hakusalimu amri. Meneja wake, Arnold Skaaland, ndiye aliyerusha taulo. Hapo ndipo penye ufundi: bingwa alibaki na heshima, adui akachukiwa maradufu, na wiki nne baadaye Hulk Hogan akashangiliwa kwa kumpiga.

Kabali yenyewe: mpinzani analala kifudifudi, unamkalia karibu na kiuno, unaitundika mikono yake juu ya mapaja yako, unafumba viganja chini ya kidevu na kuvuta nyuma. Ulingoni uzito hubebwa na miguu ya anayekaa. Vijana wa hapa Dodoma wanaoiga wakitoka kibanda umiza humwachia mwenzao uzito wote mgongoni na kushika koo badala ya kidevu. Hapo pumzi hukatika kweli, na shingo huweza kuumia vibaya.